Wanawake wa Maniema ya Kusini Si Mashahidi Tu

Mtu akizitafuta habari za wanawake wa Kasongo na Kabambare, teritwari za kusini ya Maniema huku mashariki ya Kongo, katika magazeti ya dunia na katika maktaba za vyuo vikuu, hatazikosa. Atazipata kwa wingi, tangu zama za misafara ya biashara hata zama hizi za migodi na vikosi vya msituni, zimeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, na mara nyingi kwa huruma isiyo na shaka. Asiyempata ni mwandishi. Mwanamke wa nchi hii ameulizwa, amepigwa picha, amehesabiwa, na ushahidi wake umetafsiriwa na kusomwa mbele ya mabaraza makubwa, lakini mwenye kuuliza, mwenye kuhesabu na mwenye kutia jina lake juu ya ukurasa amekuwa karibu siku zote mtu mwingine: mzungu, au mwanamume, au mtu wa mji mkuu mwenye shahada, na aghalabu mtu aliyekusanya mawili au matatu ya hayo. Nasema kwamba hali hiyo ina historia, kwamba historia hiyo ni ya rangi, ya tabaka na ya jinsia kwa pamoja wala haifahamiki ukiitenga moja na nyingine, na kwamba tiba yake mojawapo, iliyo karibu nasi kuliko tunavyodhani, imo katika lugha hii ninayoiandika.

Nianze na Nyangwe, mji ulio ukingoni mwa Lualaba katika teritwari ya Kasongo. David Livingstone, baada ya kukaa miezi mingi Kabambare, mahali alipopaandika Bambarre, akiuguza vidonda vya miguu na kuwangoja wachukuzi, alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871, na katika siku zake za kutafuta mitumbwi ya kumvusha mto alizoea kwenda sokoni kuwatazama wanawake wakifanya biashara. Aliwaandika kwa mapenzi: mizigo yao ya samaki, kuku, mitungi, chumvi na mafuta ya mawese, na ushupavu wao wa kubishania bei. Tarehe 15 Julai mwaka ule, soko likiwa na watu yapata 1,500, wengi wao wanawake, watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka pwani waliingia na bunduki, wakaufyatulia umati risasi. Walionusurika walikimbilia mitumbwi, na wengi wakachukuliwa na maji. Wafanyabiashara wenyewe waliwakadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Livingstone alikuwa ameishiwa na karatasi na wino. Aliyaandika mauaji yale juu ya kurasa kuukuu za gazeti la London, The Standard, kwa wino alioutengeneza kwa matunda ya huku kwetu. Na wino ule ulififia mno hata kurasa hazikusomeka tena, mpaka wataalamu wa Uingereza na Marekani walipozipiga picha kwa mianga ya namna namna na kuzitangaza mwaka 2011. Kila mtu aweza kuziona picha hizo sasa. Safu za chapa ya gazeti, nyeusi na thabiti, zimesimama wima, na juu yake, kwa kuzikata, unapita mwandiko mwembamba wa mgonjwa aliyeshuhudia. Habari za wenyeji wa London zasomeka bila taabu, na habari za wanawake wa Nyangwe zahitaji mitambo ili zionekane.

Taarifa ya mauaji yale ilifika Uingereza mwaka 1872, ikawasha ghadhabu, na ghadhabu ile ilikuwa miongoni mwa nguvu zilizomlazimisha Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, kutia sahihi, tarehe 5 Juni 1873, mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa Unguja. Basi damu ya wanawake wa sokoni wa Maniema imo katika mkataba uliobadili historia ya pwani nzima, ilhali hakuna hata jina moja la mmoja wao lililohifadhiwa. Kurasa zile ziliposomeka upya, ikaonekana kwamba shajara ya papo kwa papo yatofautiana mahali mahali na kitabu kilichochapishwa mwaka 1874, na magazeti yakajadili kwa bidii kama watu wa Livingstone mwenyewe walikuwa na hatia, na kama mzee yule aliyarekebisha maneno yake ili kuilinda heshima yake. Mjadala huo una uzito wake. Lakini nilipousoma niliona kwamba miaka 140 baada ya msiba, aliyekuwa katikati ya ukurasa alikuwa angali mzungu yule, na waliouawa walikuwa wangali idadi.

Wala tusiitupe lawama yote Ulaya, kwa maana waliofyatua bunduki Nyangwe hawakuwa Wazungu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia yamjua kwa jina la Tippu Tip na ambaye Kasongo ilipata kuwa mji wake, alitupa kitabu cha maisha yake kwa Kiswahili, nacho ni fahari ya fasihi yetu. Ila humo humo twasoma jinsi alivyoupata utawala wa Utetela kwa kudai kuwa yeye ni mjukuu wa mwanamke wa ukoo wa kitawala aliyetekwa vitani zamani. Dai la ufalme mzima lilisimama juu ya mwanamke, na mwanamke mwenyewe katika hadithi ile hana neno lolote alilolisema. Sisi wazao wa zama zile, ambao wengi wetu bibi zetu waliletwa katika miji ya waungwana kama mateka na kufanywa masuria, tumezoea kuzitaja nasaba kwa baba na kuupata uungwana kwa baba, na mama zetu wakafichwa ili hadhi ya nyumba isipungue. Hiyo ni dhuluma ya tabaka tuliyoitenda kwa mikono yetu, na mtu asiyeikiri hana haki ya kuishtaki ya wengine.

Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliiteka Nyangwe mwezi wa Machi 1893 na Kasongo mwezi wa Aprili, na watawala wapya wakatutia katika fungu walilolibuni wenyewe, fungu la weusi waliogeuzwa kuwa kama Waarabu, watu wa kutazamwa kwa shaka. Elimu iliachwa mikononi mwa wamisionari, na ruzuku ya serikali ya kikoloni kwa shule za Waafrika, ilipoanza kutolewa katika miaka ya 1920, ilikwenda kwa misheni. Shule za serikali zisizo za dini hazikufunguliwa kwa watoto wa Kikongo mpaka alipokuja Auguste Buisseret, waziri wa makoloni wa Ubelgiji, mwaka 1954, miaka sita tu kabla ya uhuru. Mzazi Mwislamu wa Kasongo kwa hiyo alikuwa na hiari mbili kwa muda wa miaka sitini: ampeleke mtoto shule ambako alihofu kwamba atabatizwa, au ambakishe chuoni kwa mwalimu wa Qurani asome herufi ambazo serikali haikuzitambua kuwa elimu. Wavulana wengine walivuka, wengine kwa kubadili majina. Kwa wasichana, hata waliobatizwa, masomo yalikuwa aghalabu sindano, chungu na malezi ya mtoto, kwa kuwa aliyetakiwa kuelimika alikuwa mwanamume, na mwanamke alitakiwa kumfaa mwanamume huyo.

Ushahidi wa jambo hilo ni wa kupapaswa. Mwaka 1948 serikali ya Ubelgiji ilianzisha kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 hadhi ya juu zaidi ya kuandikishwa, kwa Wakongo walioonekana wamestaarabika. Na mwombaji alikaguliwa hata nyumbani kwake, mezani pake na jikoni, ili ijulikane kama ana mke mmoja na kama mke huyo anaiendesha nyumba kwa namna ya Kizungu. Mke alikuwa sehemu ya mtihani wa mumewe, na hati ikatoka kwa jina la mume. Katika vituo vya malezi ya jamii vya mijini wake hao walifundishwa kushona, kupiga pasi na kupanga meza. Gazeti la tabaka hilo, La Voix du Congolais, lililotoka Léopoldville tangu 1945 hadi 1959 chini ya Antoine-Roger Bolamba, lilijadili mara nyingi suala la mwanamke wa Kikongo na elimu yake, aghalabu kwa kalamu za wanaume.

Naona hapa wafaa ushahidi wa mbali kidogo. Mwaka 1976 mahakama moja ya Marekani iliwakatalia wanawake weusi waliokuwa wameishtaki kampuni ya General Motors. Kampuni ile haikuwa imeajiri wanawake weusi kabla ya mwaka 1964, na ilipowapunguza wafanyakazi kwa kuwaondoa kwanza walioingia mwisho, wanawake weusi ndio waliotoka. Mahakama ikasema: wanawake waliajiriwa zamani, basi hapakuwa na ubaguzi wa jinsia; na daawa ya rangi iunganishwe na ile waliyoifungua wengine; wala hatutakubali mashtaka mawili yachanganywe kuwa moja. Wanawake walioajiriwa zamani walikuwa weupe, na weusi walioajiriwa zamani walikuwa wanaume. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw, mwanamke mweusi, aliichambua hukumu ile mwaka 1989 na kuonyesha kwamba mtu anayeonewa kwa mambo mawili yaliyokutana huweza kutoweka machoni pa sheria inayoyatazama moja moja.

Msichana Mwislamu wa kijiji cha Kabambare alitoweka vivyo hivyo. Ukiuliza kama wakoloni waliwasomesha weusi, utajibiwa ndiyo, na utaonyeshwa makarani na walimu. Ukiuliza kama waliwasomesha wasichana, utajibiwa ndiyo, na utaonyeshwa mabinti wa misheni katika sare nyeupe. Yeye hayumo katika jibu lolote la hayo. Na siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, ambapo Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hutajwa kuwa hawakufika 30, hapakuwa na mwanamke hata mmoja katika hao. Wa kwanza, Sophie Kanza, alihitimu Lovanium mwaka 1964 katika elimu ya jamii, na mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi yetu. Namheshimu sana mama yule. Heshima hainizuii kusema kwamba alitoka katika nyumba mashuhuri ya mji mkuu, na kwamba njia aliyoipita haikuwa imefika Lualaba.

Wengine watasema wanawake wa huku walinyamaza kwa kuwa ndivyo dini na mila zilivyowafunza, na kwamba madai ya haki za wanawake ni bidhaa ya Wazungu. Nawakanusha kwa mambo yaliyotokea. Katika miaka ya 1950, huko Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura, serikali ya Wabelgiji iliwatoza kodi wanawake waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao bila mume, na kodi hiyo ikawa na harufu ya tuhuma ya umalaya. Wanawake Waislamu wa mtaa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambao wengine wao asili yao ni Maniema, wajane na waliopewa talaka, walipinga kwa sauti kubwa, wakilalamika kwamba wamevunjiwa heshima. Walitetea mfuko wao na jina lao kwa wakati mmoja. Hawakufundishwa hayo na mtu wa Ulaya. Na kabla yao, mwaka 1858, miaka kumi na mitatu kabla ya maafa ya Nyangwe, Mwana Kupona wa pwani ya kaskazini alimtungia binti yake utenzi ambao hata leo wasomwa. Na ingawa wako wanaochukizwa na utii anaomwusia binti yake kwa mume, hakuna awezaye kukana kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwa mwanamke, na kwa Kiswahili. Elimu katika Uislamu ni faradhi, na faradhi hiyo haikutenga mwanamume na mwanamke.

Habari ya wajane wa Buyenzi tunaijua kwa sababu mwanahistoria wa Marekani, Nancy Rose Hunt, aliifukua na kuichapisha mwaka 1991. Kadhalika Mmarekani mwingine, Susan Geiger, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya wanawake wa TANU, chama cha uhuru cha Tanganyika, alidhihirisha kwamba Bibi Titi Mohamed na wenziwe wa Dar es Salaam, Waislamu wa mjini waliokuwa na shule kidogo na waliokusanyana katika vikundi vya ngoma, walikuwa nguzo ya harakati za uhuru ambayo wanahistoria waliokuwa wakiwatafuta wasomi wa misheni hawakuiona. Nawashukuru wanawake hao wawili kwa insafu yao. Hata hivyo vitabu vyao viko kwa Kiingereza na vyauzwa kwa bei ambayo mjukuu wa mjane wa Buyenzi haiwezi, na kwa hiyo yeye ambaye habari ni yake ndiye wa mwisho kuzipata. Si taksiri ya mwandishi mmoja mmoja. Ndivyo ulivyopangwa uchumi wa elimu, ambao huwapa cheo wanaochapisha mbali na kwa lugha ya mbali. Watafiti wa Bukavu walisema mengi ya namna hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 2020, wakieleza jinsi wao, wanaoingia vijijini, wanaovuka vizuizi vya wenye silaha na kutafsiri maneno ya watu, wanavyopotewa na majina yao linapoandikwa jina la profesa wa ng'ambo. Kama hayo yampata mwanamume wa Bukavu mwenye shahada, yatampata vipi mwanamke wa Salamabila, mji wa machimbo wa Kabambare, asiye nayo?

Na sasa magazeti. Mwaka 2010 Margot Wallström, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, aliitaja Kongo kuwa makao makuu ya ubakaji duniani, na mwaka uliofuata jarida moja la Marekani la afya ya umma likachapisha makadirio, yaliyojengwa juu ya maulizo ya mwaka 2007, kwamba wanawake zaidi ya 1,100 walibakwa kila siku katika nchi yetu. Maneno hayo na tarakimu hizo zilizunguka dunia nzima. Jinai yenyewe ni ya kweli, wala sitaki msomaji yeyote adhani naipunguza. Kabambare imeionja, na wapo walioathirika ambao hawajapata tabibu wala hakimu. Lakini tangu hapo mwandishi wa kigeni aliyefika mashariki ya Kongo alifika na swali moja, na mwanamke aliyekuwa na jibu la swali hilo alitafutwa kwa hamu, akaonyeshwa uso wake kwenye picha kwa namna ambayo gazeti la Ulaya lisingethubutu kumwonyesha binti wa Ulaya aliyepatwa na janga kama hilo. Na mwanamke asiyekuwa na jibu hilo aliachwa. Hapo ndipo ubaguzi wa rangi ulipojificha ndani ya huruma.

Mwanamke wa Salamabila ajua mambo mengi. Aliona kampuni ya Kanada ikijenga mgodi wa dhahabu wa Namoya, akaona wachimbaji wadogo wakiondolewa, akaona wanamgambo wa Mai-Mai wakizuka na askari wakiletwa, na mgodi ukisimama mwaka 2019. Ajua bei ya mchele ilivyopanda na ilivyoshuka katika miaka hiyo, nani anatoza ushuru katika kizuizi gani, na mtoto wa nani aliacha shule akaenda shimoni. Mchumi wa chuo kikuu angempa masikio lau angalitambua kwamba aliye mbele yake ni mjuzi. Hesabu ya dunia nzima iliyofanywa mwaka 2020 juu ya vyombo vya habari ilikuta kwamba katika kila watu wanne wanaotajwa au kusikika katika habari, mwanamke ni mmoja tu; na huko sokoni Kasongo nimemwona mwandishi wa redio akipita mbele ya mabanda ya akina mama wauza mchele na mawese, kinasa sauti mkononi, akimtafuta mwenyekiti wa soko amweleze kwa nini mafuta yamepanda. Mwenyekiti ni mwanamume asiyeuza mafuta. Mama mmoja aliyeulizwa kwa bahati alisema, "Muulize baba yule," huku akiendelea kupima kopo, na bei aliyoitaja kwa mteja wake ilikuwa sahihi zaidi ya ile iliyotangazwa jioni.

Wapo wanawake wa mashariki ya Kongo walioivunja desturi hiyo, na majina yao yapasa kuandikwa kwa ukamilifu. Chouchou Namegabe aliunda pamoja na wenziwe, mwaka 2003, chama cha wanawake wa vyombo vya habari wa Kivu ya Kusini, wakaenda vijijini kuwafunza wanawake kushika kinasa sauti wenyewe. Caddy Adzuba wa Redio Okapi alipata tuzo kubwa ya Hispania mwaka 2014. Solange Lusiku, aliyeliongoza gazeti la Le Souverain la Bukavu katikati ya vitisho vya kuuawa, alipewa udaktari wa heshima na Chuo Kikuu cha Louvain mwaka 2012, na alifariki mwaka 2018 akiwa angali na kazi nyingi mbele yake. Nayasema haya kwa furaha, kisha natazama ramani: wote watatu kazi yao ilistawi Bukavu, mji wenye vyuo, wafadhili na njia za kusafiri. Kasongo ina redio zake za wananchi, na katika redio za namna hiyo watangazaji wengi hawana mshahara ila posho inayotoka kwa anayetaka habari yake isomwe. Kazi isiyolipa huwezwa na kijana wa kiume anayelala kwa wazazi, na haiwezwi na mama mwenye watoto wa kulisha. Umaskini wa redio humchagulia msikilizaji sauti atakazozisikia.

Katika vyuo hali ni hiyo hiyo, ila Kifaransa huongezeka juu yake. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ni bure kwa amri ya serikali, na wasichana waliingia madarasani kwa wingi. Bure hiyo yakoma mlangoni mwa sekondari, ambapo minervali, yaani karo, yaanza, na mzazi mwenye fedha ya mmoja humlipia mvulana. Msichana anayevuka hata akafaulu mtihani wa serikali, ule ambao kila mtu huuita exetat, mara nyingi yampasa aende Kindu, Bukavu au Lubumbashi, apange chumba, na akiwa huko akutane na wale walimu, wapo, wanaozipima pointi za mwanafunzi wa kike kwa mizani isiyo ya elimu. Rushwa ya ngono si ugonjwa wa Kongo peke yake. Mwezi wa Oktoba 2019 BBC iliifichua katika vyuo vikuu vya Lagos na Ghana, na Tanzania imeiweka katika sheria yake ya rushwa tangu 2007. Humwumiza kila msichana, lakini aliye mbali na kwao, asiye na mjomba katika ofisi yoyote na anayedaiwa karo, ndiye asiye na pa kukimbilia.

Nilihudhuria siku moja, katika chuo ambacho sitakitaja, binti wa Kabambare alipokuwa akitetea memwari yake, yaani andiko la kuhitimu, juu ya biashara ndogo ya wanawake. Mama yake alikuwa amesafiri kwa pikipiki kuja kumshuhudia, amevaa kitenge kipya, ameketi safu ya nyuma. Ni yeye aliyemsomesha kwa mafuta ya mawese. Maprofesa, wanaume watupu, waliuliza kwa Kifaransa juu ya mtaji, juu ya mikopo na juu ya hatari za njiani, na binti akajibu kwa Kifaransa safi, akitaja wahojiwa wake kwa namba. Mmoja wa wahojiwa hao, kama alivyonieleza baadaye, alikuwa mama yake mwenyewe. Mama alitazama midomo. Watu walipopiga makofi naye akapiga, na binti alipopewa daraja lake, mama akatoka nje na kumwimbia. Katika ukumbi ule hapakuwa na mtu aliyejua biashara ile kuliko yeye, na wote waliokuwamo, maprofesa na wanafunzi, walizungumza Kiswahili majumbani mwao. Hakuna sheria ya maumbile iliyomkataza kuelewa utetezi wa mwanawe. Ni mazoea, na mazoea hayo yalirithiwa kutoka kwa watu waliotaka ionekane kwamba mwenye akili ni mwenye kuzungumza kama wao.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wanawake wasomi wa Kinshasa wanaoongoza utetezi wa haki za wanawake katika nchi yetu. Wamefanya makubwa: katiba ya 2006 yaamuru usawa, sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 yauweka wazi, na mwaka 2016 ikafutwa katika sheria ya familia ile aibu ya mke kuhitaji idhini ya mume ili aweze kushiriki katika mambo ya kisheria. Lakini semina zao ni kwa Kifaransa, na mwanamke wa Kabambare huletwa humo kama shahidi tena, kutoa kisa chake kisha kuketi, huku uchambuzi ukifanywa na mwenye shahada. Mwanamke aliyemzidi mwenziwe kwa tabaka akisema kwa niaba yake bila kumpa nafasi ya kumjibu, amechukua mahali pa mume yule yule ambaye sheria imemwondolea idhini.

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika ibara ya kwanza ya katiba yetu. Tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Dar es Salaam, kwa miaka mingi, watu huandika tasnifu za Kiswahili kwa Kiswahili na kuzitetea hadharani. Naomba kwa hiyo jambo moja lisilohitaji mfadhili wa mbali wala kibali cha Kinshasa. Kila memwari iliyoandikwa juu ya watu wa Kasongo na Kabambare, na kwanza zile za wasichana, mwandishi wake alipwe na chuo na redio kwa pamoja aje aisome kwa Kiswahili hewani, sura baada ya sura, saa za jioni wakati akina mama wametoka sokoni na shambani. Na simu ya studio iwe wazi kwa wale waliohojiwa, waseme kwa majina yao wakitaka, au bila majina wakihofu, ni wapi mwandishi aliwaelewa na ni wapi alikosea. Chuo kiyarekodi majibu hayo na kuyaweka maktabani pamoja na memwari yenyewe, na profesa atakayeitaka memwari aletewe vyote viwili. Mtafiti wa kigeni naye, akija, asharitiwe vivyo hivyo kabla ya kupewa barua ya kusafiri: arudi na kitabu chake, akisome kwa lugha ya waliomjibu, na akae ajibiwe.